Kuipima Kazi ya Feni ya Umeme katika Land Rover ya Zamani

Majuzi, katika mkusanyiko wa wapenda magari ya kale mjini Mombasa, Land Rover Series III ilisifiwa na watu wazima wenye akili zao kwa sababu tu feni yake ya umeme ilikuwa mpya na ilivuma kwa kishindo. Nami nilipoinama kuitazama kazi yenyewe niliona vijiti vya plastiki vimepenyezwa katikati ya rejeta, waya mwembamba wa redio umepelekwa moja kwa moja kwenye swichi ya kuwashia gari, na mapanga yanazunguka kinyumenyume. Sifa ya namna hiyo ni dhuluma kwa mafundi wanaoijua kazi, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Sina ugomvi na feni ya umeme yenyewe. Feni ya asili ya gari hili huzungushwa na mkanda pamoja na pampu ya maji, kwa hiyo huzubaa pale pale inapohitajiwa, katika foleni ya feri ya Likoni injini ikinguruma taratibu jua la utosi, kisha hula nguvu za injini bure barabara inapofunguka na upepo ukawa tele.

Amma jambo ambalo mwanagenzi halioni kamwe ni umbo la panga. Panga la feni ni kama upawa: lina upande wa kuchotea na upande wa mgongo, wala hakuna apakuaye kwa mgongo. Feni nyingi zinazouzwa mitaani hutolewa katika magari ya Kijapani yaliyovunjwa, nazo ziliundwa kukaa nyuma ya rejeta na kuvuta. Fundi mvivu, akiona tabu kufanya nafasi upande wa injini, huitundika mbele ya rejeta, kisha huhisi hewa inamjia usoni badala ya kuingia ndani. Hapo hubadilisha nyaya mbili, mota ikazunguka kinyume, hewa ikaingia, naye akajiona amemaliza. Kumbe mapanga sasa yanaikata hewa kwa ukingo usio wao na kuisukuma kwa mgongo. Kelele huzidi, hewa hupungua, na mteja huidhania ile kelele kuwa ndiyo nguvu. Ustadi ni kuyatoa mapanga katika mhimili, kuyageuza, ndipo nyaya zibadilishwe. Likifanywa moja bila la pili, kazi imeharibika, na feni ambayo mapanga yake hayakubali kugeuzwa haifai kukaa mbele hata kidogo. Basi ukitaka kuhukumu, izime feni, usisikilize maneno ya mtu, utazame upande uliobonyea: ikiwa feni iko mbele, uelekee rejeta, ikiwa iko nyuma, uelekee injini.

Nilimfahamu fundi mmoja mzee wa Tanga, marehemu sasa, ambaye hakuipokea kazi ya mwanafunzi wake mpaka ameupitisha uzi wa pamba mbele ya rejeta, pembe zote nne, feni ikizunguka. Uzi ukivutwa katikati tu na kulegea pembeni, alijua kava inayoizunguka feni haikuziba sawasawa, na kazi ilirudiwa. Kava zenyewe alizifua kwa bati na nyundo ya mbao, zikakaa kama zilizotoka kiwandani. Leo mikono ya namna ile imeadimika, na watu wameridhika na plastiki.

Walaghai nao wana elimu yao. Yuko aliyekuwa aking'oa themostati kwa siri ili sindano ya geji ikae chini na mwenye gari aisifu feni. Injini hubaki baridi, ikanywa petroli kupita kiasi na silinda zikalika kabla ya wakati. Themostati na irudi mahali pake, na swichi ya joto iwake juu yake: maadamu themostati yafunguka kwenye digrii 82, feni iwake 92 na kuzima 87, la sivyo haitapata kupumzika.

Kuhusu umeme sina maneno mengi: rilei ni faradhi, fyuzi iwe karibu na betri, na ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Alteneta ya zamani ya amperi 34 ipimwe usiku, taa na feni vikiwaka pamoja. Nyaya zizungushiwe utepe wa kitambaa, wala sikubali utepe mwingine. Na feni ya heshima hukaa nyuma ya rejeta. Ya mbele naivumilia tu.

Mwisho, Land Rover isiyo na swichi ya kuizima feni kwa mkono haijakamilika, kwa kuwa gari hili huvuka mito, na mapanga yakiingia majini yakizunguka huvunjika ama huirushia distribyuta maji, injini ikazimika katikati ya mkondo.