Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni tamu masikioni mwa msanii, kwa kuwa humwahidi kwamba kazi njema haina haja ya dalali. Lakini methali, kama desturi nyingine, yafaa ipimwe mara kwa mara kwa mambo ya wakati uliopo. Katika insha hii nataka kuipima kwa biashara moja changa: biashara ya makampuni yanayoonyesha filamu na michezo kwa njia ya intaneti, na ambayo mtazamaji huyalipa ada kila mwezi. Kwa ufupi nitayaita nyumba za filamu. Maswali yaliyo mbele yetu ni mawili. Je, nyumba hizi zaweza kuwavuta watu walipe? Na zikiwavuta, zaweza kupata faida? Watu wengi huyachanganya maswali haya yakawa moja, na mchanganyiko huo ndio ninaotaka kuukosoa.

Swali la kwanza si gumu. Watu hulipa. Netflix ya Marekani ilianza kwa kukodisha filamu za diski kwa posta, ikaanza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, na mwezi wa Januari 2016 ikafungua milango yake katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Kenya ikiwa mojawapo. Mwisho wa mwaka 2024 ilihesabu walipaji zaidi ya milioni 300. Hapa kwetu, kabla ya simu kuwa dirisha la kila jambo, vijana walilipa kiingilio katika vibanda vya video, na wazazi wao walinunua diski sokoni. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wetu hawapendi kulipia burudani hasemi kweli. Hulipa, ila hulipa kwa kadiri ya mfuko na kwa wakati wa mfuko.

Swali la pili ndilo lenye miiba. Ili tulielewe, na tufikiri juu ya mchezo wa kuigiza wa shule. Gharama ya mavazi, taa na mapambo ya jukwaa ni ile ile, waje watazamaji kumi au waje elfu. Wakija kumi, shule imepata hasara. Wakija elfu, imepata faida. Filamu ni hivyo hivyo. Fedha nyingi hutumika kabla mtazamaji wa kwanza hajafungua macho, na kila anayeongezeka baadaye huleta shilingi yake bila kuongeza gharama kubwa. Ndiyo maana nyumba kubwa huwa na nguvu kuliko nyumba ndogo.

Lakini yako tofauti moja kubwa. Mchezo wa shule huisha, na watazamaji hurudi makwao. Nyumba ya filamu haina budi kumfanya mtazamaji abaki. Mtu aweza kulipa mwezi huu, akatazama katika siku kumi na tano alichokitaka, kisha mwezi ujao akafunga mkoba wake na kwenda zake. Mtazamaji wa namna hii si mpangaji bali ni mpita njia, na kumzuia kwahitaji chakula kipya mezani kila mwezi, nacho hupikwa kwa fedha. Hivyo kazi ya kumvuta mtu ni moja, na kazi ya kumweka ni nyingine.

Tutazame mifano mitatu. Mwaka 2020 mwezi wa Aprili, Jeffrey Katzenberg na Meg Whitman walifungua Marekani nyumba iliyoitwa Quibi. Walikuwa wamekusanya dola bilioni 1.75, wakaajiri wasanii mashuhuri, wakatengeneza hadithi fupi zisizozidi dakika kumi kwa watazamaji wa simu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo walitangaza kwamba wanaifunga. Mali ilikuwapo na majina makubwa yalikuwapo, lakini mtazamaji hakuona sababu ya kulipia.

Disney yatupa fundisho la namna nyingine. Ilipofungua nyumba yake, Disney+, mwezi wa Novemba 2019, watu milioni kumi walijiandikisha kwa siku moja. Hapo methali yetu ilitimia: kizuri kilijiuza. Hata hivyo katika mwaka wake wa fedha wa 2022 kampuni ilipata hasara ya dola zipatazo bilioni 4 katika kazi zake za intaneti. Faida ya kwanza ya nyumba zake zote tatu kwa pamoja, ambayo ilikuwa dola milioni 47, ilionekana katika robo ya mwaka iliyoisha Juni 2024. Kilichojiuza kilimlisha mteja kwa miaka mingi kabla hakijamlisha mwenye duka.

Netflix yenyewe, iliyo kubwa kuliko zote hizo, ilikopa kwa miaka mingi ili itengeneze filamu. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2022 ilipoteza wateja zaidi ya milioni moja. Haikujifariji kwa methali. Ilianzisha ada nafuu yenye matangazo ya biashara, na mwaka 2023 ikawabana wale waliotumia neno la siri la jirani pasipo kulipa. Mwaka 2024 faida yake ilikuwa zaidi ya dola bilioni 8. Haikuokolewa na uzuri wa filamu peke yake. Iliokolewa na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa turudi Afrika, kwa kuwa hapa jambo hili latugusa wenyewe. Showmax, nyumba ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, ilianzishwa mwaka 2015. Mwaka 2021 iliwaletea Wakenya mchezo wa Crime and Justice, hadithi ya wapelelezi wa polisi wa Nairobi, ambao ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa asili ya Kenya. Mwezi wa Februari 2024 ilizinduliwa upya kwa ushirika na NBCUniversal ya Marekani, ikiwa na lengo la kufikia mapato ya dola bilioni moja katika miaka mitano. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025 wateja wake walipaji waliongezeka kwa asilimia 44. Hasara yake nayo iliongezeka, ikafika randi bilioni 4.9. Msomaji na asome hesabu hizi mara mbili. Wateja walipanda na hasara ikapanda pamoja nao. Hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba maswali yetu mawili si swali moja.

Wako wasemao kwamba dawa ni kumpa mtazamaji bure kwanza, naye akizoea atalipa. Jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa Kenya. Mwezi wa Septemba 2021 Netflix iliwapa wenye simu za Android sehemu ya filamu zake bila malipo, na tarehe 1 Novemba 2023 ikaufunga mlango huo. Kwa maoni yangu dawa hii haikulenga ugonjwa. Mtazamaji wetu hulipa mara mbili: hulipa ada, na hulipa data ya kuifikisha filamu kwenye simu yake. Kumwondolea ada bila kumpunguzia data ni kumsaidia mtu mwenye mizigo miwili kwa kumtua mmoja. Zaidi ya hayo, mtu apataye fedha zake kwa siku hununua sukari na mafuta kwa kadogo; ada ya mwezi mzima ni kipimo cha mtu mwenye mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, nayo nyumba itakayokubali haba ya kila siku itajaza kibaba chake.

Huenda mwanafunzi akauliza hasara ya makampuni ya kigeni yamhusu nini. Yamhusu sana. Mwaka 2022 Country Queen, mchezo wa Kenya unaosimulia mapambano ya wanakijiji na kampuni ya madini iliyotaka ardhi yao, ulionyeshwa na Netflix katika nchi nyingi. Waandishi, waigizaji na mafundi wetu walilipwa kwa kazi ya namna hiyo. Nyumba ya filamu ikitetereka, hadithi hukosa mlipaji, na kijana mwenye kipawa hurudi kuketi kibarazani.

Basi methali yetu tuihukumuje? Tusiitupe, bali tuikamilishe. Kizuri chajiuza, lakini hakijilipii gharama, wala hakimzuii mnunuzi asiondoke. Nyumba za filamu zaweza kuwavuta walipaji, na zaweza kupata faida, endapo gharama haitapita mapato na ada itapimwa kwa mfuko wa mlipaji. Nanyi vijana mtakaoandika michezo ya kesho, jifunzeni kutunga vizuri. Kisha jifunzeni hesabu vizuri vile vile. Kalamu isiyojua hesabu humtajirisha mwingine, au haimtajirishi mtu yeyote.