Kariakoo Imetua Toongabbie!

Jamani, njooni muone! Shemeji ametua kutoka Dar na bomba la karatasi ngumu begani, tumelifungua mezani hapa Toongabbie, Sydney, na chai yote imepoa. Ndani mna picha ya Tingatinga. Tena si twiga, si chui, si ule Mlima Kilimanjaro unaouzwa kila duka la watalii. Ni watu! Watu tele wa Kariakoo, soko la Dar, ukingo hadi ukingo: mama lishe na masufuria yake, kinyozi chini ya mwembe, machinga aliyebeba ndoo za plastiki mpaka hazionekani kichwa wala mabega, bajaji imekwama, na daladala imeinamia upande mmoja kwa uzito wa abiria.

Mtazameni konda! Ananing'inia mlangoni, mguu mmoja hewani, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole. Nani angekumbuka zile noti kama hajawahi kudaiwa nauli? Na muuza kahawa, pale pembeni: birika la rangi ya chungwa, makaa ni vitone vyekundu tu, vikombe mkononi vimeinamiana hivi kwamba mlio wake naapa nimeusikia. "Sogea, unaniziba mwanga!" anasema shemeji. Nimesogea, nikarudi tena.

Halafu huo mng'ao! Ni rangi za mafuta, ndugu wa zile za kupaka baiskeli. Mchoraji hutandaza kwanza usuli, akauacha ukauke, ndipo watu wapande juu yake, rangi kwa rangi, mistari imekatwa safi. Picha za simu haziwezi kabisa kukuonyesha hili. Ukipitisha macho kwa upande unaona kila kanga imeinuka kidogo juu ya kitambaa.

Yote haya yalianza na mtu ambaye hakukanyaga shule ya sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alipitia mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kufanya kazi za nyumbani kwa Mzungu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi na kuviuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Miaka michache tu ya kuchora! Yeye alipenda zaidi wanyama na ndege. Ni waliomfuata, kama Mohamed Charinda, naye wa Tunduru, waliojaza picha zao kwa vijiji na visa vya watu.

Na msidhani ni ajabu ya Dar peke yake. Kule Tangier, Moroko, Mohamed Ben Ali R'bati (1861–1939) alikuwa mpishi wa mchoraji John Lavery, naye akajifundisha mwenyewe kuchora masoko na mitaa ya mji wake. Mpishi na mtumishi wa nyumbani! Watu wanaotumwa sokoni kila asubuhi, wanaojua nani anauza nini na kwa sauti gani. Wasomi wa sanaa wangeyapata wapi hayo?

Kasoro? Ipo. Nyuso zinafanana mno, kana kwamba Kariakoo nzima ni ukoo mmoja, na anga ya waridi ningeipunguza. Nimeyasema, nimekwisha, narudi kwa konda.

Maana sasa natamani makubwa: Toongabbie nayo ichorwe hivi. Mtaa wetu huu ulianza mwaka 1791 kama shamba la serikali lililolimwa na wafungwa. Leo una stesheni ya treni kati ya Pendle Hill na Seven Hills. Mshusheni hapo fundi wa Oysterbay saa moja asubuhi! Mama wa sari na raba za kazini, vijana wa fulana za ujenzi za kung'aa, watoto wa shule na mabegi makubwa kuliko migongo, mzee anayekimbilia mlango unaofungwa. Angejaza kitambaa kabla ya saa tatu, na mlango ule wa treni angeuwekea konda, najua tu.

Mkiagiza picha, waambieni waiviringishe rangi ikiwa nje isije ikapasuka, na fremu ya mbao iacheni hukohuko, mtapunguza maswali ya forodhani. Shemeji anasema kuna kitambaa kingine, cha hospitali, foleni yote mpaka mlangoni, kilibaki Dar kwa kukosa nafasi begini. Hela ya kukisafirisha nimeshatuma.