Kipupwe Juu ya Paa la Gari: Dodoma Kama Hamjawahi Kuiona

Naanza na hukumu, maana sina subira ya kuificha mpaka mwisho: kulala juu ya paa la gari katikati ya Tanzania wakati wa kipupwe ndiyo raha kubwa kuliko zote ambazo mimi na mume wangu tumewahi kuzipata tukiwa na ufunguo wa gari mkononi. Si Serengeti. Si ufukweni. Dodoma! Dodoma hii hii ambayo wengi huijia wakiwa na barua ya uhamisho mfukoni, kisha wakashinda wakilalamikia vumbi na upepo kuanzia Area D hadi Mji wa Serikali kule Mtumba.

Gari lenyewe kwanza, jamani, gari! Ni Land Cruiser mkonga ya kukodi, hema limefungwa juu ya keria. Unafungua mikanda, unavuta ngazi, hema linajikunjua na godoro lake ndani, shuka zimeshatandikwa tangu asubuhi. Mlango wa nyuma ukiufungua unakutana na droo ndefu mbili: moja imebeba jiko la gesi la plate mbili, nyingine sufuria, sahani na kikaango. Pembeni kuna friji ndogo inayokula umeme wa betri ya pili, na betri hiyo inachajiwa na kipande cha sola unachokilaza juu ya boneti ukishaegesha. Kwa jua la Dodoma, friji haikuzima hata mara moja. Maziwa yalikaa. Nyama ilikaa. Mume wangu, ambaye mwanzoni aliita mpango mzima huu “ukimbizi wa kulipia”, aliponyweshwa juisi ya ukwaju yenye baridi mchana wa saa nane, pembeni ya barabara ya Mtera, akanyamaza kabisa.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote: dumu jeusi la lita 20 lililofungwa kwenye keria, lina koki na mpira wa kuogea. Jua linalipiga kutwa nzima. Ikifika saa kumi na moja jioni unasimama nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni, unafungua koki, na maji yanatoka ya moto kiasi cha kukufanya upige kelele. Halafu upepo wa jioni unakupata umelowa, na unapiga kelele ya pili!

Sasa, kwa nini hapa na kwa nini msimu huu? Wamarekani wana desturi yao: kila baridi inapokaza kwao kaskazini, wazee wastaafu, mke na mume, wanawasha magari ya nyumba na kushuka jangwani Arizona, mji mdogo wa Quartzsite ukajaa magari hayo mpaka pomoni. Wanafuata ukavu. Na sisi ukavu tunao, tena katikati ya nchi, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti unaweza kuacha viti, viatu na jiko nje usiku kucha, ukavikuta asubuhi vimekauka kama ulivyoviacha. Mbu wamepungua. Jua kali, hewa kavu, na usiku unavuta blanketi hadi puani.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba kila kinachomtesa mkulima wa huku wakati wa kiangazi kinampendeza mtu wa gari la kulala. Tulilala Kongwa, na nikakumbuka mkasa wa Waingereza waliokuja hapo mwaka 1947 na mradi wao wa karanga. Waliikuta ardhi inayokauka mpaka majembe ya trekta yanalika, na karanga zilizokwishakomaa zinagoma kung'oka. Kufika mwaka 1951 wakafunga virago, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotelea humo. Ardhi hiyo hiyo, mpenzi msomaji, ndiyo bora ya kuegesha gari! Haibonyei, haitelezi, gari la tani mbili na ushee linakaa wima na hema haliegemei upande. Njoo Februari uone udongo huo huo unavyokumeza hadi ekseli. Baada ya karanga, Kongwa ikaja kuwa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO, ANC na SWAPO, miaka ya 1960. Kwa mji mdogo hivyo, ni historia inayotaka safari yake peke yake.

Barabara ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Zamani kwenda Kondoa kutoka Dodoma kulikuwa adhabu. Tangu mwaka 2018 lami imeunga mpaka Babati, kilomita 251, na mkonga wetu ulikuwa unateleza kati ya mibuyu iliyopukutisha majani yote, matawi yakining'iniza mabuyu peke yake. Hapo nitoe onyo, na naomba lisomwe polepole: usiegeshe chini ya mbuyu kipupwe. Kivuli ni kidogo, na buyu likidondoka kutoka huko juu halikuulizi kama hema umelikodi au ni lako. Egesha kando, ule mbuyu uutazame tu.

Kolo! Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya Kolo peke yake. Ndiko Kondoa kwenye michoro ya miambani. Unafika ofisini, unalipia, unapewa mwongozaji, na kipande cha mwisho cha njia ya kwenda Mongomi wa Kolo ndipo mkonga ulipoonyesha kwa nini ni mkonga: makorongo, mawe, mchanga wa mto uliokauka. Halafu unapanda kwa miguu, pumzi zinakuishia, na ukutani mbele yako kuna watu wekundu. Wembamba, warefu, vichwa vikubwa kama vya waliosuka nywele kwa ajili ya sherehe. Sogea karibu: mstari mmoja wa mkono ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na rangi yake nyekundu bado imeshika kwenye mwamba. Kuna pofu, kuna twiga, kuna tembo. Eneo lote lina mapango na vibanda vya mwamba zaidi ya 150 vyenye michoro, na UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na si makumbusho yaliyokufa. Wenyeji bado wanapanda hapo kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo ukiambiwa usiguse, usiguse.

Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikuja Kondoa, wakakaa miezi kadhaa wakinakili michoro hii kwa mkono, na kitabu cha Mary juu ya kazi hiyo kikatoka mwaka 1983. Mke na mume, gari, hema, kiangazi cha Kondoa. Nilimwambia mume wangu: “Baba, unaona hatukuanza sisi?” Akajibu, “Wao walikuwa na mpishi, mama.” Sijui kama ni kweli. Usiku huo alipika yeye.

Kulala tuliomba. Hili nalisisitiza kwa sababu naona vijana wenye hema za paa wanadhani pori halina mwenyewe. Ukifika kijijini, tafuta ofisi ya mtendaji au nyumba ya mwenyekiti, jitambulishe, eleza mtalala wapi na mtaondoka lini. Ugogoni ukianza na “Mbukwenyi” nyuso zinafunguka papo hapo. Mara mbili tuliambiwa tusilale tulikokusudia, tukaonyeshwa pazuri zaidi, na asubuhi mama mmoja akatuletea mlenda wa moto na ugali wa uwele. Kwa Mtera ushauri ulikuwa mkali: msikae ukingoni mwa bwawa, kuna viboko na mamba. Tukarudi juu kidogo na perege wetu wa kukaanga, tuliowanunua kwa kina mama wa pale pale barabarani. Mtera iko chini kuliko Dodoma mjini, kuna joto, na mbu wako kazini. Kama ni usiku mmoja wa kuruka, ruka huo.

Singida tulipita mbio, na najilaumu kidogo tu, maana ziwa Singidani na majabali yake yanastahili jioni nzima. Kuku wake wa kienyeji sina haja ya kumtangaza.

Usiku ndio ulioniua. Hema lina dirisha juu, kule kichwani. Ukilala chali, Nge yuko juu yako kabisa, mkia umejikunja, na utepe wa nyota unakatiza anga kutoka upande huu hadi ule bila taa hata moja ya kuuharibu. Alfajiri Kilimia kimeshachomoza mashariki, baridi imekaza, na hapo ndipo swali kubwa la ndoa linaposimama: nani atashuka ngazi kuwasha gesi ya chai?

Kasoro? Zipo, na sitazifunika. Zipu za hema haziwezi vumbi la huku. Kila jioni tulizipangusa kwa kitambaa na kuzipaka mshumaa, la sivyo zinakwama nusu. Upepo wa Agosti unalitikisa hema mpaka unahisi uko kwenye mashua, kwa hiyo elekeza pua ya gari upepo unakotoka. Miiba ya migunga inatoboa tairi bila aibu. Spea moja haitoshi, chukua mbili. Hatukukuta kambi rasmi ya magari ya namna hii, wala mahali pa kumwaga maji machafu, choo unachimba mwenyewe na kufukia vizuri. Na bei ya kukodi si ya kuchekea. Gawaneni na wanandoa wengine, gari mbili zikifuatana gharama na hofu vinapungua.

Mkirudi mjini siku ya Jumamosi, nendeni mnadani Msalato mkale mbuzi wa kuchoma. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkivuta safari mpaka mwisho wa Agosti mtakuta vichala vinauzwa kando ya barabara. Friji itafanya kazi yake.

Kwa hiyo alama zangu: gari tisa kwa kumi, hema saba kwa sababu ya zipu, Kondoa kumi, dumu jeusi kumi na moja. Wekeni nafasi mapema, na ombeni likizo ya Juni au Julai. Desemba mvua zikianza, msithubutu.