Shivji si Karani wa Adam Shafi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukitazama filamu iliyotokana na riwaya, tunashika kitabu mkononi kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) imehukumiwa hivyo hivyo: eti kaacha visa vingi vya riwaya ya Adam Shafi (1999).

Mimi niliitazama likizoni, nyumbani Rungwe Mpya, na shangazi yangu. Riwaya hajaisoma, Unguja hajafika. Yasmin alipoikimbia ndoa ya mume mzee, shangazi akasema, "Huyu namjua." Basi akamfuata Yasmin mpaka kwa Denge, na kwa Denge akakutana na harakati za uhuru za miaka ya 1950. Hakuna aliyemfafanulia.

Hapo ndipo ninapomkubali Shivji. Kachagua penzi, siasa ikaingilia humo humo. Hata katika T-Junction (2017), Maria anamsimulia tu Fatima hospitalini, nasi tunaijua jamii nzima. Kuchagua nako ni utunzi, jamani!

Kasoro ipo: picha nyingine zimepambwa mno, hata dhiki inanukia udi.