Mafundi wa utumbo mpana

Wali uliolala kwenye friji ni mgumu kuliko uliotoka jikoni sasa hivi, na anayeusikia ugumu huo si mlaji peke yake. Ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukaza, hata vimeng'enya vya utumbo mwembamba vikashindwa kuuvunja. Wanga huo sugu, kama ule wa maharage na ndizi mbichi, hushuka mpaka utumbo mpana. Huko oksijeni karibu haipo, ila mafundi wapo.

Anayeanza ni bakteria Ruminococcus bromii, na kazi yake ndiyo inayonivutia zaidi, labda kwa kuwa haisifiwi. Vimeng'enya vyake hukaa makundi makundi juu ya ukuta wa seli yake. Hujibandika kwenye punje ya wanga, akaimega pole pole. Bakteria wengine wengi wangependa kuila punje hiyo, lakini asipowatangulia hupata kidogo mno. Sukari nyingi anazozifungua hazitumii hata yeye mwenyewe. Huzidaka Bifidobacterium, ambao hutoa asidi ya asetiki, ile ile ya siki. Kisha huingia Faecalibacterium prausnitzii, kiumbe ambacho hewa tunayovuta hukiua kwa dakika chache tu. Hula sukari, huipokea asetiki, akatoa asidi ya butiriki. Hupokezana kama mpasua magogo, mpiga randa na mpiga msasa, ila karakana hii haina msimamizi.

Butiriki ikiwa chupani inanuka siagi iliyochacha. Tumboni ni chakula. Mwaka 1980 mtafiti William Roediger alionyesha kwamba seli za ukuta wa utumbo mpana huipendelea kuliko glukosi. Kiasi cha asilimia 70 ya nishati yao hutoka humo. Ndipo ufundi wenyewe unapoonekana: kuiunguza butiriki kunataka oksijeni, kwa hiyo seli huimaliza ile inayoletwa na damu kabla haijavujia ndani, na wale wasiostahimili hewa wanaendelea kuishi. Bidhaa ndiyo inayokilinda kiwanda. Kwa panya wa maabara waliopewa antibiotiki, waundaji wa butiriki walipopungua, seli ziligeukia glukosi, oksijeni ikavuja, na Salmonella wakapata nafasi ya kuzaliana.

Sishawishiki sana na wauza vidonge vya butiriki. Ikimezwa hivi hivi, bila kinga ya kuifikisha mbali, nyingi hufyonzwa kabla ya kufika inakotakiwa. Bora kuwapelekea mafundi malighafi, na kila siku, kwa sababu hawana stoo. Wakikosa malighafi hiyo ya nyuzinyuzi, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoufunika ukuta na kuanza kuula. Ute ukipungua, vijidudu husogea karibu na seli ambazo hata hivyo huishi siku chache tu kabla ya kubadilishwa.