Ncha ya Kewa Iliishia Wapi?

Ukitoka mjini Bukoba kwa barabara ya Muleba na Kagoma unapita Kemondo, bandari inayojulikana kwa meli, mizigo na samaki. Wataalamu wa metali wanaijua kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua hapo mabaki ya matanuru ya chuma yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Septemba 1978 yeye na Donald Avery, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha katika jarida la Science dai lililozunguka magazeti ya dunia: kwamba wahenga wa Wahaya, wenyeji wa eneo hilo, walitengeneza pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, kwa hewa iliyopashwa moto kabla haijafika kwenye mkaa.

Ulaya ilipata hataza ya hewa ya moto mwaka 1828, kupitia Mskoti James Beaumont Neilson. Pengo la karne nyingi kati ya Wahaya na Neilson ndilo lililovuma. Namna kazi yenyewe ilivyofanyika ilisimuliwa kwa uchache, na hapo ndipo penye utamu.

Mabaki ya shimoni hayasemi yote. Mwaka 1976 Schmidt na Avery waliwaendea wazee wa Kihaya waliowahi kufua na kuzalisha chuma ujanani, kabla majembe ya madukani hayajaua biashara yao, wakawaomba wajenge tanuru upya. Walichimba bakuli ardhini na kulikandika udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto kuliko udongo wa kawaida. Juu yake wakainua mnara kwa mabonge ya zamani ya mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kinapotolewa, wakaziba nyufa kwa udongo uleule. Taka ya mhunzi wa jana ikawa tofali la leo, na tofali lililokwisha kuonja moto mkali haliogopi moto mwingine. Kuzunguka kitako zikaingizwa kewa nane, yaani mirija ya udongo ya kupitishia hewa, kila moja na mvukuto wake. Mtapo, yaani mawe yenye chuma, ulichomwa kwanza kwa kuni ili kufukuza maji na kuulegeza, ndipo ukapandishwa tanuruni pamoja na mkaa.

Kabla ya mtapo kupandishwa kulikuwa na hatua ambayo mgeni angeiona ya ajabu: bakuli lilijazwa majani na matete ya kinamasi, yakachomwa mpaka yawe meusi, lakini si mpaka yawe majivu. Kitanda hicho cha kaboni kilisubiri chini. Tanuru la aina hii haliyeyushi chuma kikawa maji. Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538 za Selsiasi, na lengo halikuwa hilo. Kinachoyeyuka ni mavi, ambayo bado yamebeba oksidi nyingi ya chuma. Yanapodondokea kwenye matete yaliyoungua, kaboni ya matete huinyang'anya oksidi ile oksijeni yake, na punje za chuma huota papo hapo. Zinapoendelea kugusana na kaboni, baadhi hunyonya kiasi cha kutosha kuwa pua. Mavi ya kale yaliyochimbwa Kemondo yana alama za matete, kwa hiyo hatua hii haitegemei kumbukumbu za wazee peke yake.

Hewa ya moto ndiyo yenye kesi. Hoja ya Schmidt na Avery inategemea urefu wa kewa uliokuwa ndani ya tanuru. Katika jaribio la wazee, mirija iliingia ndani sana, karibu nusu mita, hivyo hewa ilisafiri ndani ya udongo uliozungukwa na moto. Katika mirija ya kale walitafuta sehemu ya nje iliyobadilika rangi na kuungua kwa kukosa oksijeni, wakasema ndiyo sehemu iliyokuwa ndani. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa Kanada, alipinga kwamba hewa hiyo ingeweza kupata joto la maana. Mwanaakiolojia David Killick naye akahoji ushahidi wa madai ya teknolojia ya juu, katika kitabu cha 1996 ambacho, kwa heshima ya mjadala, kilihaririwa na Schmidt mwenyewe.

Hata joto la digrii zaidi ya 1,800 lililotangazwa wakati ule lisomwe kwa uangalifu. Tanuru zima likifika hapo, chuma chote kingekuwa uji. Joto kama hilo, likiwepo, hukaa katika eneo dogo mbele ya ncha ya kewa, mahali ambapo kitambuzi cha joto cha bei nafuu huungua. Kitambuzi cha waya za nikeli na kromi hufika takribani digrii 1,260. Juu ya hapo huhitajika platini, au kifaa kinachosoma joto kwa mwanga bila kugusa.

Hata hivyo swali la kewa halihitaji platini. Linahitaji kujua hewa ina digrii ngapi ikitoka ndani ya mrija, na inapita kwa kasi gani kila mvukuto unapobonyezwa. Vitambuzi vinane vya nikeli, kipima upepo na saketi ndogo ya kuhifadhi vipimo kila sekunde ni vitu ambavyo mwanafunzi wa elektroniki anaweza kuviunganisha leo. Wahandisi wa mwaka 1976 hawakuwa na wepesi huo.

Kanuni ya Kemondo, ya kutoa chuma bila kukiyeyusha, si ya kale tu, kwani Sweden imeirudia: mradi wa HYBRIT hutumia hidrojeni badala ya makaa ya mawe, na chuma chake cha kwanza kilipelekwa kwa kampuni ya Volvo mwaka 2021.

Kwa maoni ya safu hii, sifa kubwa ya mafundi wa Kemondo ni kitanda cha matete, ambacho alama zake zipo kwenye mavi yenyewe. Hewa ya moto ibaki dai mpaka ipimwe upya. Vyuo vya ufundi vya Kagera, mkoa iliko Kemondo, vina karakana, udongo wa vichuguu haununuliwi, na vinamasi viko jirani. Walimu wa uhandisi wajenge tanuru hilo, watie vitambuzi katika kewa zote nane, na wachapishe namba.