Besi ya Adungu

Mwenye siku moja tu ya kuizunguka Arua, Uganda, asiwe na wasiwasi. Boda boda itampeleka hadi Kanisa Kuu la Ediofe, atapita sokoni, na jua la mchana litamkuta ameshamaliza. Mji ulipewa hadhi ya jiji Julai 1, 2020, ila bado unatembeleka kwa miguu. Akiba ya nguvu aiweke kwa jioni, kikundi cha adungu kinapoanza kukaza nyuzi.

Adungu ni kinubi cha Waalur, watu wa Nebbi na Pakwach huko kusini, ingawa siku hizi Walugbara na Waacholi nao wanaipiga, na makanisani inaongoza nyimbo mahali ambapo pengine kungekuwa na kinanda. Fundi hufukua gogo mpaka libaki kama mtumbwi mfupi. Halafu hulivika ngozi ya ng'ombe ingali imelowa. Ikikauka hujivuta yenyewe na kuubana mti. Shingo iliyopinda huchomekwa upande mmoja na kupangwa vigingi, na kutoka kila kigingi uzi hushuka hadi kwenye kijiti kilicholala chini ya ngozi. Nyuzi zenyewe leo ni mishipi ya nailoni, ile ile ya wavuvi. Wapo wanaosikitika. Mimi simo: mshipi unadumu, na unalia vizuri.

Kuchonga moja si kazi ya kutisha. Shughuli ni kuchonga ukoo mzima, kuanzia ile ndogo ya kupakatwa hadi besi yenye tumbo la kumficha mtoto, na zote zipatane. Tena upatano huo haununuliwi dukani. Mvua ikinyesha ngozi hulegea na sauti hushuka, kwa hiyo mpigaji hulazimika kuitafuta upya kila anapoketi. Dakika hizo nazipenda kuliko nyimbo zenyewe. Mwenye ndogo hugusa uzi mmoja, akangoja. Mwenye besi huinamisha sikio, akazungusha kigingi kidogo, akakirudisha kidogo zaidi, kisha akatikisa kichwa: bado. Mashine ya kupimia hakuna. Kuna masikio tu.

Kongo iko hapo jirani, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, na aliyelelewa na rumba ya Franco na OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, hatapotea hapa. Adungu ndogo hujibizana kama magitaa ya sebene, huku besi ikishikilia njia ili wenzake wapate kutangatanga. Noti zake ni chache. Lakini mpigaji wake akiruka moja tu, miguu ya wachezaji hujua kabla ya masikio yao.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, na kweli noti za pesa hubandikwa usoni pa mwimbaji. Mwenye besi yuko nyuma, jasho linamtoka, hakuna anayemtazama. Huo naona ni uonevu.

Basi ukialika kikundi kwenye harusi yako, Arua au Koboko, anza kumtunza wa nyuma. Na ukinunua adungu ndogo ya kupamba ukuta wa sebule, mwombe aliyekuuzia akuonyeshe namna ya kukaza nyuzi kabla hujaondoka nayo.